Anayemenya Kila Siku Haangalii Kiazi

Shangazi yangu aliitazama filamu bora kuliko zote duniani kwa dakika kama nne, akatoa hukumu, akarudi kwenye beseni lake.

"Huyo mama hajawahi kumenya viazi," alisema.

Ilikuwa Jumamosi jioni, Mbagala, uani kwake. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia, na kwa tabia mbaya niliyonayo nikabeba na kompyuta, maana filamu nilikuwa nimeiachia katikati usiku wa jana yake na ilikuwa inaniwasha. Shangazi ana kibanda cha chipsi, mwaka wa 19 huu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ndoo ya maji upande huu, beseni la viazi vya Njombe upande ule, analalamika kwamba gunia la wiki hiyo lilikuwa lumbesa kwa macho tu. Chini limejaa vidogo kama gololi. Mimi kwenye stuli, kompyuta mapajani. Kwenye kioo, mwanamke wa Kizungu amekaa peke yake jikoni, ametuelekea, naye anamenya viazi.

Nikacheka. Nikamgeuzia shangazi kompyuta amwone mwenzake.

"Umejuaje kama hajawahi?"

"Si anakiangalia?" alisema. "Anayemenya kila siku haangalii kiazi, baba."

Na kweli yeye hakuwa anakiangalia. Macho yalikuwa kwenye kioo, na mkononi kiazi kinajizungukia chenyewe, ganda linashuka jembamba, refu, halikatiki, mpaka likadondoka lote kwa pamoja. Kiazi, chubwi, ndani ya ndoo. Akaokota kingine.

Hii ni wiki ya sita. Sentensi ile imekataa kunitoka.

Hata DJ angeshindwa

Mwanamke wa kwenye kioo ni Delphine Seyrig, mwigizaji wa Ufaransa. Filamu ni ya mwaka 1975 na jina lake ni anwani ya nyumba: Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles. Ina dakika 201. Niliposema ni bora kuliko zote sikuwa natania sana: kila baada ya miaka 10 jarida la Sight and Sound la Uingereza huwauliza wahakiki ni filamu ipi iliyo kubwa kupita nyingine, na mwaka 2022, kwa kura za watu zaidi ya 1,600, hii ndiyo iliyokaa juu. Haijawahi kutokea kabla ya hapo filamu ya muongozaji mwanamke ikashika namba moja.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua kwamba filamu ya kigeni huokolewa na DJ wa kutafsiri. Kwa hii, DJ angeweka maiki chini akaenda kunywa chai. Angesema nini? "Sasa mama anamenya kiazi. Bado anamenya. Jamani, anamenya."

Ndiyo maana shangazi aliweza kuifuata. Kifaransa hajui, maandishi ya Kiingereza ya chini hayasomi, lakini kilichokuwa kinaendelea hakikuhitaji lugha.

Jeanne ni mjane wa Brussels, anaishi na kijana wake mmoja. Tunamwona siku tatu. Anatandika, anapika, anang'arisha viatu vya mtoto, anazima taa ya kila chumba anachotoka. Alasiri, viazi vikiwa jikoni vinachemka, anapokea mwanamume, mmoja kwa siku, na hela anaitumbukiza kwenye bakuli la supu lililo mezani sebuleni, anafunika. Siku ya kwanza mambo yanakwenda kama saa. Siku ya pili kuna kitu kimelegea. Viazi vimepitiliza jikoni. Anazunguka nyumba na sufuria mkononi kama mtu aliyesahau nyumba yake, hajui alitue wapi. Vinamwagwa, vingine hakuna, inabidi atoke akanunue. Anarudi, anakaa, anaanza upya kumenya.

Hapo ndipo shangazi alipomkuta. Kwa hiyo huwezi kusema kwamba hakuonyeshwa kipande cha maana. Alionyeshwa kipande chenyewe.

Siku ya tatu nisingetaka kukuharibia, ingawa imeshaharibika tangu 1975: mteja anauawa kwa mkasi.

Nilikwenda kuhakiki

Nilitaka kumkatalia shangazi. Nikaanza kumfuatilia huyu Delphine, nikitafuta jiko lolote katika maisha yake.

Alizaliwa Beirut, Lebanon, tarehe 10 Aprili 1932. Baba yake, Henri Seyrig, alikuwa mwanaakiolojia, mkuu wa idara ya mambo ya kale ya Syria na Lebanon enzi hizo Ufaransa ikizitawala. Mama yake, Hermine de Saussure, alitoka kwenye ukoo wa wasomi wa Geneva, ule ule wa Ferdinand de Saussure ambaye kila aliyesoma isimu chuoni amemkariri. Na mama huyo hakuwa wa kukaa ndani: miaka ya 1920 alikuwa akiendesha jahazi katika bahari ya Mediterania pamoja na rafiki yake Ella Maillart, yule msafiri maarufu wa Uswisi. Vita vilipokuja, baba akajiunga na upande wa Jenerali de Gaulle, waliokuwa wakiwapinga Wajerumani, akapelekwa New York, na binti akaishi huko, akakijua Kiingereza kama cha kuzaliwa nacho.

Jiko silioni. Naona mawe ya Palmyra, yale magofu ya kale ya Syria, na matanga.

Akasomea uigizaji Paris, akazunguka na vikundi vya tamthilia mikoani, akaolewa na mchoraji Mmarekani, Jack Youngerman, wakazaa mtoto mmoja wa kiume. Mwaka 1956 wakahamia New York. Akahudhuria Actors Studio, darasa maarufu la waigizaji. Akatokea kwenye filamu fupi ya wale waandishi vijana wa huko walioitwa Beat, Pull My Daisy, mwaka 1959, akiwa mke anayejaribu kuweka nyumba sawa huku wanaume wanapiga soga na kuimba. Hiyo ni nafasi yake ya kwanza kwenye filamu. Ukitaka kucheka kidogo, cheka: alianza kazi kama mama wa nyumbani, kisha ikabidi azunguke miaka 16 ndipo arudi jikoni.

Manyoya

Muongozaji Mfaransa, Alain Resnais, alimpata huko huko New York, akamrudisha Ulaya, akamvisha manyoya.

L'Année dernière à Marienbad, 1961. Kama umeiona, unalikumbuka koridoo moja refu na mwanamke amesimama, mkono umegusa bega, nywele fupi nyeusi, gauni la Chanel. Hana hata jina. Kwenye maandishi ya filamu anaitwa A. Mwanamume mmoja anamwambia walikutana mwaka jana. Yeye anasema hapana, labda, sijui. Filamu ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, na Delphine akageuka kuwa kitu ambacho Ufaransa ilikipenda mno: sanamu inayopumua. Halafu ile sauti. Iko chini, inavutwa kama upinde kwenye ile ala kubwa ya nyuzi inayoshikwa katikati ya magoti. Kuna watu wanasema walikuwa wanakwenda kuisikiliza tu.

Yeye mwenyewe nadhani alishaona mtego. Filamu iliyofuata na Resnais, Muriel ya 1963, alikuwa na miaka 31, akacheza mwanamke wa makamo anayeuza samani za zamani ndani ya nyumba yake, mji wa bandari wa Boulogne, nywele zimeanza mvi, ana ugonjwa wa kucheza kamari. Akapewa tuzo ya mwigizaji bora Venice. Lakini watu bado waliona manyoya.

Kuna kipande kimoja nimekirudia labda mara 15. Kiko kwenye Baisers volés ya François Truffaut, 1968. Kijana wa duka la viatu amempenda mke wa bosi wake, ambaye ni Delphine, kiasi cha kumwambia mtu kwamba yule si mwanamke, ni njozi. Asubuhi moja njozi inaingia chumbani kwake, inakaa kando ya kitanda. Inamwambia kwa upole: mimi si njozi, mimi ni mwanamke, na hivyo ni vitu viwili vinavyopingana.

Maneno aliandikiwa na wanaume. Ila ukimwangalia anavyoyasema, utaapa alikuwa ameyasubiri.

Jibu lililoniudhi

Basi nilifika mahali nikawa tayari kumpigia shangazi simu na kukubali: uko sahihi, huyu mama alikuwa malkia wa sinema, viazi alivikuta vimeshapikwa. Nilichokuwa nakitafuta sasa ni kosa. Nani alikosea kumchukua mwanamke wa namna hii kwa kazi ile?

Muongozaji alikuwa Chantal Akerman, mzaliwa wa Brussels, miaka 24 wakati anapiga filamu. Mama yake alinusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Alichokiweka kwenye kioo alikitoa katika kumbukumbu za utoto: wanawake wa nyumbani kwao, mama yake na shangazi zake, wameinama, wamempa mgongo, wamebeba mifuko. Mtu anayejua mikono ya shangazi zake namna hiyo anakwendaje kumwajiri malkia?

Jibu alilitoa mwenyewe miaka mingi baadaye, na nilipoliona nilifunga kompyuta.

Alisema kwamba kama ningeweka pale mwanamke tuliyezoea kumwona akitandika na kuosha vyombo, nisingeonyesha kitu. Tusingemwona. Kama vile waume wasivyowaona wake zao wakiosha vyombo. Ilibidi awe mtu ambaye hatukuzoea kumwona na sahani mkononi, na Delphine alikuwa bibi mkubwa, kwa hiyo akiosha, ghafla kuosha kunaonekana.

Kwa hiyo halikuwa kosa. Macho yale kwenye kiazi ndiyo yaliyolipiwa.

Niliudhika siku mbili tatu hivi, nikadhani nimeudhika kwa niaba ya shangazi. Yaani yeye miaka 19, ndoo mbili kwa siku, sikukuu ndoo tatu, halafu dunia inahitaji binti wa mwanaakiolojia akae na viazi vichache ndipo iseme lo, kumbe hii ni kazi! Nikaandika hata aya mbili kali za blogu hii. Nilizifuta.

Nilizifuta kwa sababu ya jambo dogo. Nilikuwa najaribu kuelezea jinsi shangazi anavyomenya, ili msomaji amlinganishe na Delphine, nikagundua sijui anashika kisu kwa mkono gani.

Nilihamia kwake nikiwa darasa la tano. Ada ya kidato cha tano na sita ilitoka kwenye viazi vile. Nimekaa uani pale na vitabu, na simu, na wachumba, beseni liko mita moja. Na mtu pekee ambaye nimewahi kumkazia macho akimenya viazi, nikasimamisha picha, nikarudisha nyuma, nikaangalia kidole gumba chake, ni Delphine Seyrig.

Ni mkono wa kushoto. Shangazi ni mashoto. Nilimpigia binamu yangu kumuuliza.

Viti vya Cannes

Mei 1975, tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Filamu inaonyeshwa katika lile jukwaa la pembeni la waongozaji. Chantal na Delphine wamekaa nyuma kabisa ya ukumbi. Watu wanaanza kutoka. Viti vya kule hujikunja mtu akinyanyuka, kwa hiyo hawakuhitaji kugeuza shingo wala kuhesabu vichwa. Walikaa wanasikiliza viti vikigonga. Pa. Pa. Mmoja wa waliotoka, kwa simulizi ya Chantal, alikuwa Marguerite Duras, mwandishi ambaye mwaka huo huo Delphine alikuwa nyota wake kwenye India Song.

Nimejiuliza sana kuhusu kile kiti cha nyuma. Delphine alikuwa na miaka 43. India Song ni manyoya yale yale, gauni jekundu, muziki, vinywa havifunguki, sauti zinatoka nje ya picha. Hiyo watu waliipenda. Na kwenye nyingine amejifunga koti la kazi, anasuuza sahani ametupa mgongo, na viti vinagonga.

Ipo video iliyopigwa wakati wa maandalizi, na Sami Frey, mwenzi wake wa maisha wakati ule, naye mwigizaji. Nilitegemea kumwona malkia akimvumilia mtoto. Siyo hivyo. Delphine anauliza. Anauliza mpaka inachosha. Hapa nafanya haraka au polepole? Huyu mama anawaza nini akichana nywele? Kwa nini? Binti wa miaka 24 mara nyingi jibu hana, anataka tu mwendo fulani, muda fulani, na Delphine haridhiki na hamwachi. Ni kama mtu anayejifunza kazi ya ndani kwa mara ya kwanza, na ameona haya kuikosea.

Hapo ghadhabu yangu ilianza kupungua. Hakujifanya anajua.

Mezani, tena

Ili nisimgeuze mtakatifu, niseme na hili: wakati anafika kwenye viazi vile, alikuwa ameshaingia kwenye mapambano muda. Tarehe 5 Aprili 1971 gazeti la Le Nouvel Observateur lilichapa majina ya wanawake 343 waliotangaza kwamba wametoa mimba, jambo lililokuwa jinai Ufaransa. Jina lake limo. Mwaka uliofuata alikwenda kutoa ushahidi katika mahakama ya Bobigny, karibu na Paris, kwenye kesi ya msichana aliyeshtakiwa kwa kosa hilo hilo baada ya kubakwa, na wakili akiwa Gisèle Halimi. Sheria ilibadilishwa Januari 1975. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wake kuhusu suala lenyewe, kwetu bado ni zito. Ninachosema ni kwamba mwanamke aliyejengewa jina kwa kunyamaza vizuri alisimama kizimbani akaongea.

Halafu akashika kamera.

Miaka ile ilikuwa imeingia kamera ya video ya kubeba begani, na Paris alikuwepo mwanamke aliyekuwa akiwafundisha wenzake kuitumia, Carole Roussopoulos. Delphine alikwenda kujifunza. Wakawa kundi, yeye, Carole na Ioana Wieder. Mwaka 1976 walichukua kipindi kimoja cha televisheni, ambamo waziri wa mambo ya wanawake, Françoise Giroud, alikuwa anachekacheka na wanaume waliokuwa wakitoa utani wa kudhalilisha, wakakirekodi, wakakikatakata. Kila waziri akisema jambo la ajabu, picha inasimama, inarudiwa, kinapachikwa kibao kilichoandikwa kwa mkono kumjibu. Ni kama vichekesho vya mtandaoni vya leo, ila hawa walifanya kwa mkanda.

Mwaka huo huo wakatengeneza kingine ambacho ni meza tu. Meza! Delphine amekaa upande mmoja, anasoma kwa sauti kijitabu cha Mmarekani Valerie Solanas cha kuwashambulia wanaume, ambacho toleo lake la Kifaransa lilikuwa haliuzwi tena. Carole upande wa pili, anakipiga chapa kwenye taipureta. Katikati yao televisheni, inaonyesha taarifa ya habari ya vita na wanaume. Kijitabu chenyewe kina ukichaa mwingi, sikipendi. Lakini siwezi kuacha kuiangalia ile meza, maana mwaka mmoja nyuma alikaa peke yake.

Kanisani, Juni

Kuna jambo moja katika haya yote ambalo Delphine hayumo, na ndilo lililoninyima usingizi zaidi.

Juni 1975, mwezi mmoja baada ya viti vya Cannes, wanawake wanaouza miili mjini Lyon waliingia kwenye kanisa la Saint-Nizier wakakataa kutoka, kupinga faini na bughudha za polisi. Carole Roussopoulos alifika na kamera yake. Aliwarekodi ndani, wakisema wenyewe, kisha televisheni zikawekwa nje ukutani, na watu wa mtaani wakasimama kusikiliza. Wanawake hawakuhitaji kutoka nje wakakamatwa. Maneno yao yalitoka bila wao.

Ukiweka hivi vitu viwili pamoja, unababaika. Mei, bibi mkubwa anaigiza mwanamke anayepokea mwanamume alasiri, na ndio tunamwona. Juni, wanawake wenyewe wanaongea, na hakuna bibi mkubwa.

Kipi kilihitajika? Kichwa changu kimezunguka hapa kama Jeanne na sufuria lake. Kuna siku nasema Akerman alikuwa sahihi, macho yetu ni mavivu, lazima yadanganywe kwa uzuri. Kuna siku nasema hapana, weka televisheni ukutani, mwenye kazi aseme.

Nadhani Delphine naye aliona. Maana mwaka 1975 na 1976 alikwenda Marekani na Ufaransa kuwahoji waigizaji wanawake zaidi ya 20, Carole akiwa ameshika kamera, na filamu ilipotoka mwaka 1981 ilipewa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema Pendeza Unyamaze. Safari hii yeye hakai mbele. Inasikika sauti ile tu, pembeni, inauliza. Ungekuwa mwanamume, ungechagua kazi hii? Umewahi kucheza na mwanamke mwenzako mahali ambapo mnapendana kama marafiki? Jane Fonda anasimulia jinsi alivyoketishwa kwa wapambaji mara ya kwanza, akashauriwa avunjwe taya ili mashavu yaingie ndani, nywele zipakwe rangi, kifua kiongezwe. Anasimulia huku anacheka, halafu hacheki. Maria Schneider yumo, kijana bado, macho yamechoka.

Wengi wao ni nyota, najua. Wapishi na wafagizi hawamo. Lakini alikuwa na sauti ambayo watu walilipa kuisikia, na aliitumia kuuliza wengine maswali.

Mengine kwa haraka

Mwaka 1982 yeye na wale wenzake wawili walifungua kituo cha kutunza video za wanawake Paris, wakakipa jina la Simone de Beauvoir, mwandishi Mfaransa aliyetetea haki za wanawake. Kipo mpaka leo. Ndiko mikanda yote ile ilikosalia. Alitaka kuongoza filamu juu ya Calamity Jane, yule mwanamke mashuhuri wa enzi za makauboi wa Marekani, akasafiri hadi Montana mwaka 1983 na Babette Mangolte, yule yule aliyeshika kamera jikoni Brussels. Hela haikupatikana, haikutengenezwa. Mwaka 1986 Akerman alimwita tena, filamu ya nyimbo, ndani ya maduka ya chini ya ardhi, akiwa muuza nguo aliyenusurika kambi za Wanazi. Mhusika akaitwa Jeanne. Sikutegemea kuguswa na hilo.

Alifariki Paris tarehe 15 Oktoba 1990, saratani ya mapafu, miaka 58.

Kopo la sukari

Jumamosi iliyopita nilirudi Mbagala, bila kompyuta. Nilikuwa na wazo, na nilikuwa nimejiandaa kuliona ni zuri.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Leo hujaja na mwenzangu?"

Nikamwambia leo nataka kukurekodi wewe. Unamenya tu, huongei, husemi kitu, mimi nakaa pembeni. Kwa muda gani? Muda wowote, mpaka ndoo ijae. Akaniangalia kama ninaumwa. Akakubali, maana hajawahi kuninyima kitu, akaniambia nisogee nisimzibie mwanga.

Niliegemeza simu kwenye kopo la sukari juu ya stuli, usawa wa kifua chake, kama ile kamera ya Brussels. Nikabonyeza. Nikakaa.

Akavuta kanga, akaiweka sawa begani. Akaokota kiazi kwa mkono wa kulia, kisu kushoto. Akakitazama. Akakizungusha, akaanza kumenya, polepole, macho yako pale pale, mdomo umebana, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Ganda likatoka nene. Likakatika. Akaanza tena upande wa pili, likakatika tena. Alipomaliza kiazi kilikuwa na pembe.

Akakigeuza huku na huku, akakitumbukiza kwenye ndoo, akainua macho kwenye simu.

"Zima hicho kitu," alisema. "Unanimalizia viazi."